Kona ya Maswali: Kadi za Krismasi za matabaka, na kwa nini kivuli ndo kinabeba kazi yote

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, kadi za Krismasi za matabaka, zile ambazo mashine inakukatia karatasi vipande vipande afu wewe unavipanga kimoja juu ya kingine mpaka picha inakuwa na kina kama unachungulia dirishani. Nimefurahi mno, maana katika kazi zote za karatasi hii ndo naipenda kupita zote. Nimechagua barua saba, zilizofanana nimeziunganisha, na ndefu sana nimezifupisha, mniwie radhi.

Shikamoo dada. Nimepata mashine ya kukata mwaka huu, nikajua sasa kazi imeisha. Lakini nyota na chembe za theluji zinatoka zimechanika, kingo zina manyoya, na nikivuta karatasi kutoka kwenye mkeka wa kunata wa mashine inajikunja kama ganda la mti. Nimebadilisha setingi mpaka nimechoka. Nakosea wapi? (Mgeni wa Mashine)

Marahaba mdogo wangu. Acha setingi kwanza, tuanze na karatasi, kwa sababu wengi wanahangaika na mashine wakati shida iko kwenye karatasi. Yale manyoya unayoyaona ni nyuzi za karatasi laini zinazovutwa na kisu badala ya kukatwa. Tafuta manila ya gramu 160 mpaka 220 kwa mita ya mraba, iliyo ngumu na laini juu, na ukiikunja kona usione weupe katikati. Ile yenye moyo mweupe ukiikata kila ukingo unaonyesha mstari mweupe, na kwenye kadi ya matabaka kuna kingo kila mahali, kwahiyo picha yote inaonekana kama imechorwa na chaki pembeni. Karatasi ya kawaida ya printa, ile ya gramu 80, iache, haiwezi kujishikilia yenyewe ikisimama juu ya sponji, ile yenye gundi inayotenganisha matabaka.

Cha pili ni kisu. Chukua kipande cha foili ya jikoni, kifinyange kiwe kidonge, toa kisu kwenye mashine na ukichome kwenye hicho kidonge mara kumi na tano au ishirini hivi. Vumbi la karatasi lililoganda kwenye ncha linatoka, na mara nyingi kisu ulichodhani kimekufa kinarudi kukata vizuri kabisa. Kama bado kinaburuta basi kweli kimeisha, badilisha. Na kama mashine yako ina setingi ya manila kwa mikato midogo tumia hiyo, inakwenda polepole kwenye kona.

Sasa hapo kwenye mkeka ndo naona umekosea hasa, kwa sababu umesema unavuta karatasi kutoka kwenye mkeka. Usivute karatasi, vuta mkeka. Geuza mkeka wote kifudifudi juu ya meza, karatasi iwe chini, weka kiganja chako bapa juu karibu na ukingo, afu kunja mkeka kuelekea kwako taratibu kama unafunua ukurasa mzito wa kitabu. Karatasi inabaki imelala mezani na mkeka ndo unaondoka. Utasikia kwa sauti hasa, inatoka kwa mlio mdogo mdogo wa kubanduka, ukisikia mlio mmoja mkali simama hapo hapo, kuna mkato ambao haujakamilika na unakaribia kuchana. Hapo ingiza kibano au kijiti cha meno uusaidie. Mkeka mpya unanata kupita kiasi kwa karatasi, kwahiyo kabla ya kuutumia ubandike na kubandua mara mbili tatu kwenye fulana safi ya pamba upunguze ukali.

Na kila ukibadilisha karatasi kata kwanza umbo dogo la sentimita 2 pembeni kama testi. Dakika moja inakuokolea karatasi nzima.

Anti, nimetengeneza kadi ya hori la Bethlehemu, matabaka matano. Nimekata vizuri, nimebandika vizuri, lakini ukiishika mbali kidogo unaona picha moja tu imelala, vitu vyote vimechanganyikana. Za wenzangu zinaonekana kama zina chumba ndani. Wanatumia nini ambacho sina? (Mama wa Mapacha)

Wanatumia kivuli mama, na ni bure. Hili swali nimelisubiri miaka, kwahiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Kadi ya matabaka haionyeshi kina kwa sababu ina karatasi nyingi, inaonyesha kina kwa sababu kila karatasi inaangusha kivuli juu ya ile iliyo nyuma yake. Ukibandika matabaka matano kwa gundi yakagusana kabisa, hakuna pa kivuli kuangukia, na macho yanasoma picha moja bapa, hata kama umekata kwa ustadi wa malaika. Ukiacha nafasi ya milimita moja tu, jicho linaanza kuamini kuna mbele na kuna nyuma.

Basi panga hivi. Anza kufikiria kutoka nyuma. Tabaka la nyuma kabisa ni karatasi nzima isiyo na tundu, hiyo ndo anga. La pili lina tundu kubwa na chini yake vilima vya mbali. La tatu lina mitende pembeni, na Mamajusi na ngamia wao wanakuja kwa mbali, wadogo. La nne ndo lenye kibanda, Mariamu, Yusufu na hori. La tano ni fremu tu, labda tao kama mlango wa pango. Kila tabaka linalokuja mbele lina tundu kubwa kuliko lililo nyuma yake, yaani unachungulia kupitia milango inayozidi kupungua. Wengi tundu wanalifanya sawa kwa matabaka yote, halafu wanashangaa vilima havionekani, kumbe vimefichwa na mitende.

Kila kitu lazima kishikane na fremu. Ngamia asimame juu ya ardhi, na ardhi iungane na ukingo wa kulia na kushoto. Nyota ya angani haina pa kushika, ukiiacha kwenye faili la tabaka la pili itadondoka kama kipande cha taka, kwahiyo ikate peke yake na uibandike moja kwa moja juu ya anga. Fremu iache na upana usiopungua milimita 4 kila upande, chini ya hapo huna pa kuweka sponji.

Rangi zina kanuni moja tu, chagua mwelekeo mmoja na usigeuke njiani. Ama nyuma iwe na mwanga na mbele iwe giza, au kinyume chake. Kwa hori mimi nachagua nyuma yenye mwanga, njano iliyopauka kwenye anga, afu samawati nyepesi, samawati, bluu, na fremu ya bluu iliyoiva karibu na nyeusi. Inakuwa kama umesimama gizani ndani ya pango na mwanga wa nyota unakuja kutoka nje. Ukitaka kujua kama rangi zimeachana vya kutosha, panga karatasi kavu bila gundi, piga picha na simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Matabaka mawili yanayofuatana yakionekana sawa hapo, badilisha moja, hata kama kwa macho yako ni rangi tofauti. Nyekundu na kijani cha Krismasi ndo wanadanganya sana hapa, kwenye picha isiyo na rangi mara nyingi wanatoka kijivu kile kile.

Halafu sponji. Ile yenye gundi pande mbili inapatikana ya milimita 1, 2 na 3. Usiweke unene mmoja kote. Kati ya anga na vilima weka gundi tu, au milimita 1. Kati ya vilima na mitende milimita 1. Kati ya mitende na kibanda milimita 1 au 2. Kati ya kibanda na fremu ya mbele weka 2. Kadiri unavyokuja mbele nafasi inaongezeka, na ndo inavyokuwa hata machoni mwetu, vitu vya karibu vinaachana wazi, vya mbali vinashikamana. Kata sponji iwe utepe wa milimita 3, ujifiche nyuma ya fremu ya milimita 4, ukizunguka pande zote nne bila kuacha pengo. Ukiweka vijipande vya kona tu, katikati ya kadi inabonyea baada ya wiki. Na kitu kirefu kama mtende kipe kijipande kidogo nyuma ya shina, la sivyo majani yanalala mbele.

Mwaka jana nilimaliza kadi moja kama hiyo jioni, nikaiona ya kawaida tu chini ya taa ya dari, nikaiacha mezani nimekata tamaa. Asubuhi jua likaingia kutoka pembeni likaigusa, paa la kibanda likaangusha mstari mwembamba wa kivuli juu ya ngamia wa kwanza, na kichwa cha ngamia kikaangusha kivuli chake juu ya kilima. Kadi ile ile. Taa ya juu moja kwa moja inaua kivuli, kwahiyo usihukumu kazi yako usiku, ipeleke dirishani kwanza.

Gundi inafanya karatasi yangu ifanye mawimbi. Nitumie gundi gani? (Fundi wa Usiku)

Mawimbi yanaletwa na maji yaliyo ndani ya gundi nyeupe, siyo gundi yenyewe kuwa mbaya. Tumia kidogo sana, chupa yenye mdomo mwembamba kama sindano, nukta nukta na siyo mstari, na uache nukta ikae sekunde kama kumi kabla ya kubandika. Kwa vipande vikubwa bapa tumia selotepu ya pande mbili. Gundi nyeupe ina faida moja, inakupa muda wa kusogeza kipande kikae sawa, selotepu haina msamaha.

Dada habari za kazi. Nimepakua dizaini ya mti wa Krismasi wenye matabaka sita. Nikituma kwenye mashine vipande vyote vinatawanyika kwenye mkeka, mapambo yanakatwa mbali na mti wake. Nyingine nilipakua ni picha tu, mashine inakata mraba. Nisaidie. (Baba Mwenye Subira)

Nzuri kaka. Hayo ni matatizo mawili, tuanze na la mraba. Ulichopakua ni faili la PNG au JPEG, hiyo ni picha iliyotengenezwa kwa nukta za rangi, haina mistari ya kukatia. Mashine inahitaji faili lenye mistari, la SVG. Picha yenye mandharinyuma safi programu inaweza kuigeuza, lakini kwa kadi ya matabaka sita utapata kazi ya kufuta takataka mpaka kesho, bora utafute faili lililotengenezwa kwa kukatwa. Kama mashine yako ni Silhouette, kwa kawaida programu yake ya bure haifungui SVG uliyopakua sehemu nyingine, hapo tafuta toleo la DXF, aina nyingine ya faili la mistari, la dizaini hiyo hiyo.

Kutawanyika ni jambo la programu kutaka kukuokolea karatasi. Kwenye Design Space, programu ya mashine za Cricut, usipoiambia vinginevyo, inachukua kila kipande cha rangi moja na kukisukuma kwenye kona ya mkeka. Kuviweka kwenye kundi hakutoshi, lazima uchague vipande vya tabaka moja na ubonyeze Attach, ndo vinakaa pale pale ulipoviweka. Fanya hivyo kwa kila tabaka peke yake, siyo yote sita kwa pamoja, ukiyafunga yote pamoja yatakatwa kwenye karatasi moja. Na maneno ya salamu kama herufi zake zinagusana, tumia Weld, inayoziunganisha ziwe umbo moja, vinginevyo kisu kitakata kila herufi pale zinapopishana na neno lako litatoka vipande.

Ukishakata, kila tabaka likitoka tu kwenye mkeka, andika namba kwa penseli nyuma yake, 1 ndo la nyuma kabisa. Mti wenye matabaka sita ukishatoka mkekani, matabaka yake yanafanana yote, mimi niliwahi kubandika la nne kabla ya la tatu na sponji ikishashika haibanduki bila kuchana.

Na angalia ruhusa ya aliyechora. Faili nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu, ukitaka kuuza kadi soma masharti yake, kuna mtu alikaa akachora hiyo kitu.

Kadi zangu hazitoshi kwenye bahasha, zikiingia bahasha inatuna na kuchanika pembeni. (Mpenda Posta)

Saizi ni rahisi. Kata A4 nusu upate A5, ikunje katikati unapata kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, na bahasha yake ni C6, milimita 114 kwa 162. Kwa kadi bapa hiyo inatosha vizuri. Shida ni unene. Piga hesabu, matabaka matano ya manila yanakaribia milimita moja na robo, sponji nne za milimita 1 ni nne, na kadi yenyewe ikikunjwa ongeza zaidi ya nusu, umeshafika karibu milimita 6. Bahasha ya kawaida haijatengenezwa kwa hilo, na posta nyingi barua ikizidi unene fulani inahesabiwa daraja lingine na unalipa zaidi, kwahiyo ulizia kabla hujabandika stempu.

Njia ya kwanza ni kupunguza sponji, uweke mbili tu, moja katikati na moja nyuma ya fremu, kwingine gundi. Kivuli kinabaki palipo muhimu na unaokoa milimita 2. Njia ya pili ni kutengeneza bahasha yenye mbavu, mashine inaikata kirahisi, unaweka mistari miwili ya mkunjo inayofuatana kwa umbali wa milimita 8 kila upande badala ya mmoja. Inakuwa kama kisanduku chembamba. Kadi unayompa mtu mkononi tumia hii, inapendeza hata kabla haijafunguliwa.

Anti, naimba kwaya na kuna mzee ameniambia kadi ya Krismasi lazima iwe na hori au malaika, vinginevyo siyo kadi ya Krismasi. Mimi napenda kutengeneza mishumaa, vikapu, watu wakipeana chakula. Nakosea? (Sauti ya Tatu)

Mwanangu, mzee msikilize kwa heshima kwa sababu anachokilinda ni kitu kizuri. Lakini kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa kuuzwa, ilitoka London mwaka 1843, Henry Cole ndo aliyeiagiza na John Callcott Horsley akaichora, haikuwa na hori. Katikati ilikuwa na familia mezani, wakubwa kwa wadogo, wameinua glasi, na wapo waliokasirika kwa sababu mtoto alionekana akinyweshwa divai. Pembeni huku na huku kulikuwa na watu wanawalisha na kuwavisha maskini. Yaani watu wakipeana chakula ndo kadi ya kwanza kabisa. Tena angalia ilivyopangwa, picha tatu zimetengwa na fremu, inakubali matabaka kama ilichorwa kwa ajili yetu. Weka meza katikati kwenye tabaka la nyuma, wanaotoa chakula kwenye tabaka la mbele pande zote mbili, mikono yao ivuke fremu kidogo kuingia katikati. Hiyo mikono inayovuka ndo itaangusha kivuli juu ya meza. Tengeneza moja umpelekee mzee.

Nataka kadi 40 za matabaka matano, nina jioni chache tu. Inawezekana? Na karatasi ngapi? (Mwenye Haraka)

Inawezekana ukiacha kutengeneza kadi moja moja. Matabaka yako yafanye sentimita 9.5 kwa 13.8, yanaacha ukingo mdogo wa kadi kuonekana, na kwenye A4 moja yanaingia manne. Kadi 40 mara matabaka 5 ni vipande 200, kwahiyo karatasi 50, kumi za kila rangi. Kadi zenyewe ni A4 20 zikikatwa nusu. Jumla 70, ongeza tano za kuharibika.

Jioni ya kwanza kata tabaka la 1 lote, afu la 2 lote, usibadilishe rangi katikati, kila ukibadilisha unapoteza muda na ndo makosa yanaingia. Kila baada ya karatasi kumi hivi futa mkeka kwa tishu zenye maji za watoto zisizo na spiriti na uuache ukauke wenyewe. Jioni ya pili kata sponji zote ziwe tepe na ubandike nyuma ya matabaka bila kubandua karatasi ya juu. Jioni ya tatu unganisha. Shika tabaka la chini kwenye kona ya meza au kwenye rula nzito, gusisha ukingo wa chini wa tabaka linalofuata kwanza, hakikisha kona mbili zimekaa sawa, ndo ulaze juu taratibu. Ukianza kwa kulidondosha katikati litapinda, na kosa la milimita moja kwenye tabaka la pili litaonekana mpaka la tano. Zikishaungana usizirundike chini ya vitabu vizito kama kadi za kawaida, sponji inabonyea na haifufuki vizuri, zisimamishe kwenye boksi kama faili.

Na kitu ambacho watu 40 watakishukuru, andika salamu za ndani kwanza, kabla hujabandika picha nje. Ukishabandika, ukifungua kadi mezani inapanda upande mmoja, kalamu inayumba, mwandiko unakuwa wa mtu aliye kwenye gari. Anza na majina usiku wa leo, wakati mashine inakata.